Watu Wanne wa Shosho

Jirani mpya wa ghorofa ya chini amehamia na kikaango chake, na tangu wiki iliyopita jengo letu lote hapa New Hope, Minnesota, linanukia chakula nilichokionja mara ya mwisho nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimebeba kikapu cha nguo kutoka chumba cha kufulia wakati harufu iliponikuta mbele ya lifti: mbegu za haradali zikipasuka katika mafuta ya moto, pamoja na yale majani madogo ya kijani ambayo hadi leo sijui yanaitwaje kwa Kiswahili. Nje theluji ilikuwa imefika magotini. Madirisha yetu hufungwa tangu Novemba, kwa hivyo harufu ikishaingia haina pa kutokea. Lifti ilikuja, ikafunguka, ikanisubiri, ikajifunga, ikaenda zake. Mimi nilikuwa Chennai.

Safari ile sijawahi kuisimulia yote, hata kwa rafiki zangu waliokulia huku kama mimi, watoto wa akina mama wanaotunza wazee wa watu, tuliosemeshwa Kiswahili tukajibu Kiingereza. Kuna jambo nililofanya kule, na mimi ni mtu wa kuligeuza jambo moja kichwani mpaka lipoteze umbo. Tangu nimalize chuo naomba kazi, na kila barua naisoma mara saba kabla ya kuituma na mara mbili baada ya kuituma, wakati hakuna tena la kurekebisha. Mama husema nawaza kama mtu aliyeajiriwa kuwaza. Kazi hiyo, nadhani, niliianzia Chennai.

Tulikwenda kwa sababu ya moyo wa Shosho, mama yake Mama. Vali moja ya moyo wake ilikuwa imeharibika tangu utotoni bila mtu kujua, na uzeeni ikaanza kumnyima pumzi. Yeye alikuwa Nakuru, sisi Minnesota. Ndugu waliposhauriana kwa simu, jibu likawa lile lile ambalo Wakenya wengi hulifikia: India, ambako upasuaji wa namna hiyo hufanywa vizuri na kwa gharama ambayo ukoo ukichanga unaiweza. Mjomba angempandisha ndege Nairobi, Mama angempokea Chennai. Mimi sikuwa kwenye mpango. Shosho ndiye aliyeniingiza, na nilimsikia mwenyewe, maana Mama huongea na simu akiwa ameiweka kwenye spika huku anakata sukuma wiki.

"Sijaonana na wajina wangu," alisema. "Siendi kupasuliwa kifua na watu nisiowajua kabla sijamwona. Mlete."

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Dada yangu alilichukua la upande wa Baba, mimi nikawa Nyambura, kama Shosho. Jina hilo si pambo. Aliyepewa jina la mtu huchukuliwa kuwa ni mtu yule yule ameanza upya. Mama akinigombeza sana alikuwa akikatiza ghafla na kucheka, "Hebu niache, namkaripia mama yangu." Na kila nilipomjibu kwa Kiingereza alisema hana wasiwasi, Kiswahili na Shosho vyote vimo kwenye damu yangu, siku moja vitatoka. Mtoto hupokea maneno kama yalivyo. Nilijua, kama nilivyojua nambari ya nyumba yetu, kwamba damu yangu na ya Shosho ni ile ile moja, imemiminwa katika vyombo viwili.

Tulisafiri kwa tiketi ya chini kabisa, ile ya kubadilisha ndege mara tatu, tukafika tumevimba miguu. Nilipotoka mlangoni pa uwanja wa ndege joto lilinifunika uso kama kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto. Nilidhani ni pumzi ya injini za ndege. Nikangoja tuondoke pale ili lipungue. Halikupungua wiki tatu zote.

Shosho alitolewa akisukumwa kwa kiti cha magurudumu, amevaa sweta ya sufu katika joto lile, kilemba kichwani, na juu ya mapaja ameshika mfuko wenye pakiti mbili za unga wa ugali. Nilikuwa nimezoea uso wake ukiwa kwenye simu, mkubwa, umejaa kioo chote. Mtu mwenyewe alikuwa mdogo. Alinitazama kutoka juu hadi chini bila haraka.

"Kumbe mimi ni mfupi hivi?" akasema.

Mama alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Mimi nikasema hello.

Tulipanga chumba katika mtaa ulio nyuma ya hospitali, mtaa ambao karibu kila nyumba ilikuwa ya kulaza wagonjwa na jamaa zao. Meneja wetu, Bwana Selvam, mtu wa tumbo la mviringo na sharubu zilizopakwa rangi, alikodisha pia majiko ya gesi na sufuria, kwa kuwa watu walitoka mbali na kila mmoja alitaka chakula cha kwao. Jioni ya kwanza Mama alisonga ugali, na Bwana Selvam akasimama mlangoni akiutazama mwiko unavyozunguka.

"Ni saruji?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Mwambie aje aonje," Shosho akasema. Akaonja. Akasema ni mzuri sana, na hakurudi tena saa ya chakula.

Daktari alitupa siku kumi za vipimo na kumwongezea mgonjwa nguvu. Aliruhusu Shosho atembee, mradi apumzike kila anapochoka. Kwa hiyo jiji lile kubwa nililiona kwa mwendo wa moyo mgonjwa: hatua thelathini, kikao, hatua thelathini, kikao. Hatukuwa na pesa za kuingia mahali popote pa kulipia, na sidhani kama tulikosa kitu. Tulikaa kwenye ngazi za maduka ya vyombo, kwenye ukingo wa mtaro, kwenye kizingiti cha fundi cherehani. Hakuna aliyetufukuza. Karibu kila mara kigoda cha plastiki kilitokea ndani, kikiletwa na mtu tusiyemjua, na Shosho akakaa kama mgeni rasmi wa mtaa.

Kutoka kwenye vigoda hivyo niliona vitu ambavyo akili yangu ya New Hope, iliyozoea barabara pana na mtu mmoja akitembeza mbwa, haikuwa na pa kuviweka. Niliona mnara wa hekalu uliopambwa mamia ya watu wa rangi, wamepangwa safu juu ya safu hadi karibu na mawingu, nikaamini ni sanamu za kila mtu aliyewahi kuishi mtaa ule. Niliona muuza kahawa akimimina kutoka kikombe kilichoinuliwa juu ya kichwa hadi kingine kilicho kiunoni, uzi mmoja wa kahawa usiokatika. Shosho alikuwa amepika miaka mingi katika shule ya bweni, akipikia watoto mia sita, na alimtazama yule mtu kwa jicho la mwajiri.

"Kwangu angemwaga mara moja tu," alisema. Kisha, baada ya vikombe vitatu: "Lakini hamwagi."

Kila asubuhi wanawake walichora maua ya unga mweupe mbele ya milango yao, mistari inayozunguka nukta bila kuigusa, na sikuthubutu kuyakanyaga. Niliruka juu yake mtaa mzima kama sungura. Kufikia mchana miguu, magurudumu na sisimizi vilikuwa vimeyala yote. Kesho yake wanawake wale wale waliinama wakachora mengine, tofauti na ya jana. Nilimuuliza Mama kwa nini hawatumii rangi isiyofutika. Mama aliwaza, akasema labda wangekosa la kufanya asubuhi.

Maua ya yasmini yaliuzwa yakiwa yametungwa kwenye uzi, yakipimwa kwa mkono wa muuzaji kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Shosho alipoelewa utaratibu huo alitupitisha wauzaji wanne. "Huyu mkono mfupi. Huyu pia. Tafuteni mtu mrefu." Tukampata mwanamke mmoja mwembamba mwenye mkono kama mwanzi, na tangu siku hiyo akawa muuzaji wetu. Tulikula wali na mchuzi kwenye jani la mgomba, na mwishoni Bwana Selvam akatuonyesha jinsi ya kulikunja na kulitupa. Shosho alibaki ameshika jani lake. "Sahani isiyooshwa," alisema polepole. "Watoto mia sita. Na migomba ilikuwa pale pale nyuma ya jiko."

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni basi. Kondakta hukaa kwenye kiti chake nyuma, hasogei. Ukipanda mbele unampa nauli mtu aliye karibu nawe, naye anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, mpaka inamfikia kondakta usiyemwona. Kisha tiketi na chenji zinarudi njia ile ile, mkono kwa mkono, mpaka kwako. Mara ya kwanza Mama alipotoa noti yake nilitaka kumshika mkono. Niliisindikiza kwa macho mpaka ikapotelea kati ya viwiko. Nilikuwa tayari nimeanza kuiomboleza noti hiyo, tiketi ilipofika, imekunjwa, juu ya kiganja cha mzee mmoja ambaye hata hakutuangalia, alikuwa akiongea na mwenzake.

Siku ya sita tuliitwa benki ya damu ya hospitali. Karani, kijana aliyenyoa vizuri mwenye kalamu tatu mfukoni, alieleza kwamba moyo ukifunguliwa huenda ikahitajika damu nyingi, na kwamba familia ya kila mgonjwa huleta watu wa kutoa. Kwa Shosho walitakiwa wanne. Wasipopatikana kabla ya Alhamisi, siku aliyopangiwa upasuaji, jina lake lingesogezwa mpaka nafasi nyingine, na nafasi nyingine ilikuwa baada ya mwezi. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba vali ile haikuwa na mwezi.

Mama alikunja mkono wa blauzi pale pale. Wakamchoma kidole, wakapima, wakatikisa kichwa. Damu yake ilikuwa hafifu. Zamu za mfululizo kazini zilikuwa zimemmaliza. Akauliza kuhusu wengine. Karani akasema mtu yeyote mwenye afya, miaka kumi na minane, kilo arobaini na tano au zaidi. Akampa fomu ya manjano iliyosainiwa na daktari. Bila fomu hiyo, alisema, hawawezi kumwandikisha mtu kwa jina la mgonjwa.

Katika jiji la mamilioni tulimjua Bwana Selvam na muuza maua. Muuza maua alikuwa mwembamba mno. Bwana Selvam alishika kifua chake kwa masikitiko.

"Mama, nimetoa mwezi uliopita kwa ajili ya chumba namba sita. Hawaniruhusu mpaka miezi mitatu ipite. Wageni wangu wamenikausha."

Ni hapo mimi nilipoanza kuwaza. Kama damu yangu na ya Shosho ni moja, kwa nini watafutwe wengine? Suala la miaka sikulitilia maanani, nililoshika ni kilo. Asubuhi iliyofuata nilikula idli kumi na moja, vile vikeki vyeupe vya mchele vinavyopikwa kwa mvuke, nikapanda mzani wa hospitali. Kilo ishirini na nane. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi, na lilikuja likakaa. Wakimwekea Shosho damu ya watu wanne wa Chennai, ataamka akiwa nani? Kiswahili kimo kwenye damu. Mama ndiye aliyesema. Ataamka akiongea kama muuza maua, hatanijua, na Nyambura atakayebaki duniani ni mimi peke yangu, nisiyejua hata kusalimia vizuri. Sikumwambia mtu. Nilimchunguza Shosho akilala mchana, nikijaribu kumkariri.

Jumapili tulikwenda kanisani. Palikuwa na kanisa la zamani mwisho wa mtaa, viatu vinaachwa nje, wanaume wanakaa upande mmoja na wanawake upande wa pili wamejifunika vichwa kwa ncha za sari. Ibada ilikuwa kwa Kitamil. Tulikaa nyuma kwa sababu ya pumzi za Shosho. Na mahali fulani baada ya matangazo, mchungaji akanyamaza kidogo kugeuza kurasa, na Mama akafikiri, kama Mkenya yeyote angefikiri, kwamba sasa ni wakati wa wageni kusimama na kusalimia.

Akasimama. Akatengeneza sketi yake. Akainua mkono.

"Bwana asifiwe!"

Kanisa zima liligeuka. Sijawahi kuona macho mengi hivyo kwa mpigo mmoja. Hakukuwa na wakati wa wageni. Watu pale hawasimami hivyo. Mama aliligundua hilo, nililiona kwenye shingo yake, lakini mtu aliyelelewa kwenye makanisa yetu akishasema maneno yale hawezi kukaa mpaka ajibiwe. Alingoja. Mimi nililijua jibu. Nilikuwa nimelisikia kila Jumapili ya maisha yangu. Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Amina," akasema Shosho peke yake, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kupanda ngazi.

Basi Mama akaongea. Alitumia Kiingereza, akawasalimia kutoka kanisa letu la Minnesota na lile la Nakuru, akamwonyesha mama yake, akataja Alhamisi, akataja watu wanne. Mchungaji alitafsiri, na tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko maneno ya Mama. Alipomaliza akarudi kwenye kurasa zake. Mama akakaa, akafunika uso kwa Biblia. "Nimewaaibisha," alininong'oneza.

Nje, tukivaa viatu, mwanamke mmoja alinishika kidevu na kunichomekea yasmini kwenye misuko yangu bila kuniuliza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nyuma yake walisimama ndugu wawili mafundi wa pikipiki, na nyuma yao mwanamume mrefu wa sare ya kaki, kondakta wa basi, filimbi ikining'inia shingoni. Jumanne saa tatu asubuhi, walisema. Mama aliwashika mikono wote wanne kwa zamu, kisha akaanza upya na wa kwanza. Shosho aliwatazama kwa muda, akaniambia, "Wajina, angalia walivyo na afya." Nikaona kama ananiaga.

Jumatatu Shosho alilazwa wodini. Jumatatu hiyo hiyo, Mama akioga, niliifungua Biblia yake, alimoiweka fomu ya manjano, nikaitoa, nikaikunja na kuikunja mpaka ikawa ndogo kama biskuti, nikaitia ndani ya soksi yangu. Sikutaka Shosho afe. Lazima niliseme hili, maana nimeligeuza miaka yote hii na bado sina uhakika mtoto yule alikuwa akifikiri nini. Nadhani nilitaka tu muda. Nilidhani watu wazima wakikosa njia moja hutafuta nyingine, na kwamba nikiendelea na idli huenda nikazifikia zile kilo.

Jumanne wanne wale walikuwa kwenye benchi kabla yetu. Mama alifungua Biblia. Akaipekua ukurasa kwa ukurasa. Akamwaga mkoba wake sakafuni, mbele ya watu: kitana, peremende, pasipoti, pedi, risiti. Karani alisema anasikitika, fomu nyingine lazima isainiwe na daktari, na daktari yuko chumba cha upasuaji mpaka alasiri. Mafundi walisema wanaweza kungoja. Mwalimu alisema shule imempa asubuhi nzima. Kondakta alitazama saa yake, akasema taratibu kwamba zamu yake inaanza saa nne na nusu, na kwamba wiki hiyo hana ruhusa nyingine.

"Nyambura, kimbia kwa Shosho," Mama akasema. Mikono yake, ambayo hunyanyua wazee wa kilo mia, ilikuwa ikipapasa sakafu. "Muulize kama nimeiacha huko. Kimbia!"

Nilipanda ngazi karatasi ikinikwaruza kifundo cha mguu. Shosho alikuwa ameegemea mito, akimfundisha nesi kwa ishara jinsi ya kufunga kilemba.

"Shosho," nilisema. Kiingereza hakingenisaidia, alikijua kidogo sana. "Mimi nimeficha."

"Umeficha nini, wajina?"

"Karatasi. Ya damu." Nikaitoa kwenye soksi.

Aliitazama, kisha akanitazama mimi. Hakupaza sauti. "Kwa nini?"

"Wao wakipa wewe damu ya watu, wewe utakuwa watu. Hutajua mimi. Mimi nitabaki mimi tu."

Ilimchukua muda kulielewa. Alipolielewa alianza kucheka, akakohoa, akashika kifua, nesi akamkimbilia, akamfukuza kwa mkono. Akanivuta mpaka nikakaa kitandani.

"Nilipokupa jina langu, mimi nilibaki bila jina?"

"Hapana."

"Lilipungua? Sasa naitwa Nyambu?"

Nikacheka bila kupenda. "Hapana."

"Basi hao nao hawatanipunguza. Wataniongeza tu. Tulikuwa wawili, tutakuwa sita." Alivuta pumzi, nyingine, ya tatu. "Sikiliza. Mimi siwezi kushuka hizo ngazi. Shuka wewe. Wewe ni mimi, sivyo? Mwambie yule wa basi Nyambura amesema pole kwa kumchelewesha."

Sijui nilishukaje. Kondakta alikuwa tayari mlangoni, mfuko wa tiketi begani. Nilisimama mbele yake nikanyoosha biskuti yangu ya karatasi na kumwambia kwa Kiingereza kwamba Nyambura anaomba radhi kwa kumchelewesha. Aliuliza Nyambura ni nani. Nilisema ni bibi yangu, na ni mimi pia. Aliikunjua fomu, mkunjo baada ya mkunjo, akailaza kwenye paja na kuinyoosha kwa kiganja. Lazima aliona jinsi ilivyokunjwa. Lazima aliona soksi yangu imeshuka. Akaitazama saa, akavua filimbi, akanipa niishike, akarudi ndani.

Mama alikuwa bado amepiga magoti katikati ya vitu vyake. "Tutaongea," aliniambia, akanionyesha mlango wa nje. Wale mliolelewa na mama wa Kikenya mnajua uzito wa neno hilo. Mpaka leo hatujaongea.

Alhamisi walimchukua asubuhi, wakatuambia itachukua saa tano. Zikawa saba. Mama ambaye kazini hakai alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akiimba bila sauti. Daktari alipotoka alikuwa bado na alama za barakoa mashavuni, akasema moyo unapiga vizuri, peke yake, na Mama akamshika miguu. Naye akamnyanyua kwa aibu.

Siku ya tatu waliniruhusu kumwona. Nilisogea polepole, tayari kwa lolote. Shosho alifungua macho, akalamba midomo, akasema kwa Kiswahili chake cha Nakuru, "Uji huu hauna ladha. Hakuna pilipili hapa?"

Nilirudi nyuma hatua mbili. Shosho hakuwahi kula pilipili maishani mwake. Mama mwenyewe alishtuka. Shosho akanikonyeza. "Ni yule wa basi," alisema.

Na tangu hapo akawa ni yule wa basi. Shosho bado yuko Nakuru, anatembea hadi sokoni na kurudi, na akipiga simu hutupa habari zake. Akiamka mapema kupita kiasi, ni kondakta anawahi zamu. Akikosana na mtu, kondakta ndiye mkali. Akishika kalamu vizuri kwenye daftari la kikundi cha wanawake, huyo ni mwalimu. Mafundi wawili huwalaumu kwa magoti.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni watu wa kukusanya damu walikuja kuweka vitanda kwenye ukumbi wa michezo. Nilikwenda baada ya kujishauri siku mbili. Mwanamke aliyenifunga mkono aliniuliza kama nina swali, nikamuuliza damu yangu itakwenda kwa nani. Alicheka kwa upole. Hakuna anayejua, alisema. Inapimwa, inawekwa kwenye friji, inamfuata anayefanana nayo. Nililala pale nikitazama dari, na polepole jambo likajipanga lenyewe. Pale Chennai hakuna aliyewauliza wale wanne kama damu yao inalingana na ya Shosho. Walikuwa wakijaza nafasi kwenye friji, badala ya ile ambayo Shosho angeichukua.

Nilimpigia Mama akiwa kwenye mapumziko ya kazi.

"Mum, wale watu wa kanisani. Damu yao haikuingia kwa Shosho."

"Ndiyo, najua. Yeye alipewa ya kundi lake."

"Ulijua siku zote?"

"Mimi ni mtu wa wagonjwa, Nyambura. Shosho usimwambie."

"Lakini hukuwaambia wao! Walidhani wanamwokoa. Yule kondakta alichelewa kazini akidhani..."

"Nani kakwambia walidhani?" Nilisikia kijiko kikigonga kikombe, kisha kikatulia. "Wewe ulikuwa nje na filimbi yake. Karani aliwauliza mmoja mmoja kwa lugha yao, na mwalimu akanitafsiria. Unaelewa, alisema, kwamba damu hii haitakwenda kwa yule mama? Wakasema wanaelewa, mchungaji aliwaeleza tangu Jumapili. Yule wa basi akauliza, basi itakwenda kwa nani? Karani akamwambia haijulikani."

"Akasemaje?"

"Alikunja mkono wa shati, akalala kitandani."